Yungiyungi la zawadi kwenye joto la Dodoma

Siku hizi mtu akihamishiwa Dodoma kikazi, akifunga ndoa au akiagwa ofisini, si ajabu akabidhiwe yungiyungi kwenye chungu, limefungwa karatasi ya kumeremeta na utepe. Ni zawadi nzuri. Kwa kawaida ua hilo limekulia kwenye kitalu chenye kivuli, Arusha, Lushoto au Dar es Salaam, mahali ambapo hewa ina unyevu na mtunzaji hupita kila siku. Halafu linapandishwa basi na kushushwa Dodoma mwezi wa Agosti, katikati ya upepo na vumbi jekundu, miezi mitatu au zaidi kabla ya mvua za kupandia. Haupiti muda ncha za majani zinageuka kahawia, mashina yanalegea, na mwenye zawadi anaanza kuona haya kila aliyemletea akija kumtembelea. Mwishowe watu husema Dodoma haifai maua.

Sikubaliani nao. Ni kweli mji huu ni mkavu: mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Lakini mayungiyungi mengi ninayoonyeshwa yakiwa mahututi hayakufa kwa kiu. Yamekufa kwa maji. Mwenyewe ameona majani yamelala, akamwaga jagi zima. Kesho yake bado yamelala, akaongeza. Ukavu unaolitesa ua uko hewani, na tiba inapelekwa mizizini. Hewa kavu hunyonya maji ya majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, na ukiijaza mizizi maji hadi ikose hewa, inaoza na kushindwa kabisa kuvuta hata kile kidogo ilichokuwa ikivuta. Kwa hiyo ua lenye mizizi iliyooza hunyauka kama lenye kiu, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kabla ya lolote, jua umepewa ua gani. Mimea ya koo tofauti kabisa huuzwa kwa jina hilo hilo. Unaouzwa zaidi ni ule wauza miche wanaouita pisi lili: kichaka cha majani ya kijani kilichokoza, yanayochomoza moja kwa moja kutoka udongoni, na ua lililosimama kama jani jeupe lililokunjua mkono kuzunguka kijiti chenye chengachenga. Asili yake ni misitu ya mvua ya Amerika ya Kati na Kusini. Mwingine ni yungiyungi lenyewe: shina moja refu lililozungukwa na majani membamba, juu yake maua makubwa ya petali sita, mara nyingi yenye harufu kali, na chini yake tunguu lenye magamba kama ya kitunguu saumu kilichofunuliwa. Haya ni ya nchi zenye baridi, na mengi ya aina zinazouzwa yana asili ya Japani. Upo pia wenye shina nene lisilo na jani, linalobeba maua mawili hadi manne makubwa mfano wa tarumbeta, mekundu au ya mistari; huo ni amarili, nao una tabia zake. Nitaanza na pisi lili kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye meza nyingi za Dodoma.

Siku ileile ya zawadi, vua karatasi. Najua inapendeza, ila inakusanya maji chini ya chungu na mizizi inalowa mchana na usiku. Kisha geuza chungu uangalie kama kina tundu. Vyungu vingi vya mapambo, vya saruji na vya udongo uliopakwa rangi, havina. Kama hakina, usihamishe mmea kwa haraka. Uache ndani ya kikopo chake cha plastiki chenye matundu, ukikalishe ndani ya chungu cha pambo juu ya kokoto chache, na kila ukimwagilia ukitoe, uache maji yachuruzike, ndipo ukirudishe. Utakuwa umehifadhi urembo wa zawadi na uhai wake kwa pamoja.

Sasa kumwagilia kwenyewe. Sitakupa ratiba ya siku, kwa sababu chungu kilicho karibu na dirisha mwezi wa Oktoba hukauka mara kadhaa zaidi ya kile kilicho ukumbini mwezi wa Februari mvua zikinyesha. Chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Jizoeze pia kukinyanyua chungu mara baada ya kumwagilia ili mkono wako uujue uzito wake. Siku nyingine utajua hali ya udongo kwa kukiinua tu. Asubuhi ndiyo saa nzuri.

Pisi lili yenye kiu hulala chini yote kwa ghafla, ikatisha, lakini ukiipa maji inasimama tena ndani ya saa chache. Usiizoeshe kufika huko, maana kila mara inaumia kidogo na majani ya chini huishia kuwa ya njano. Ikiwa imelala na udongo ni mbichi, usiongeze hata tone. Weka kiganja juu ya udongo, pindua chungu, gonga kitako chake taratibu mpaka donge lote litoke, uangalie mizizi. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu, ukiibana inakataa. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda lake linabaki vidoleni na kuacha uzi mwembamba katikati, na udongo unanuka kama maji ya mtaro. Kata yote mibovu kwa mkasi safi, punguza na baadhi ya majani ili mizizi iliyobaki isizidiwe, panda kwenye udongo mpya ndani ya chungu kidogo zaidi, weka kivulini na uwe mchoyo wa maji kwa muda. Mingi hupona.

Kuna tatizo jingine linalofanana na kiu: udongo uliokauka kupita kiasi. Mchanganyiko wa vitaluni huwa mwepesi, na ukikauka kabisa hujikunja ukaachana na ukuta wa chungu. Maji unayomwaga hupita pembeni na kutokea chini upesi, nawe unaridhika kwamba ua limekunywa wakati katikati ni vumbi. Dawa yake ni beseni. Kikalishe chungu ndani ya maji yanayofika nusu ya kimo chake kwa nusu saa hivi, mpaka juu kuwe na ubichi, kisha ukitoe na kuacha maji yachuruzike.

Wakati wa kubadilisha udongo, usichote ule mwekundu wa uani na kuujaza ulivyo. Ndani ya chungu hushikana ukawa mgumu, maji yasipite wala hewa isiingie. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, na sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kuwa majivu. Anayepata nyuzi za makumbi ya nazi kutoka pwani aziongeze, kwani hushika unyevu bila kufunga hewa, ila azisuuze kwanza kuondoa chumvi. Samadi mbichi ya mbuzi, ambayo hapa ndiyo rahisi kuipata, inaweza kuunguza mizizi.

Chumvi inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndiyo inayowachanganya hata watunzaji wazuri. Maji mengi tunayotumia Dodoma yanatoka ardhini, na yeyote anayechemsha chai hapa ameuona ukoko mweupe kwenye birika. Ukoko huohuo unajijenga kwenye chungu cha maua. Mmea unachukua maji, jua na hewa vinachukua mengine, na chumvi inabaki nyuma, kila wiki ikiongezeka. Tazama ukingo wa chungu na uso wa udongo: ukiona utando mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, ndio huo. Kwenye majani huonekana kama ncha za kahawia zilizokauka zikiwa na mstari mwembamba wa njano kati ya palipokufa na palipo hai. Wengi huchukulia ni kiu, wakaongeza maji yaleyale ya chumvi.

Kuchemsha hakuiondoi chumvi hiyo yote, na kuyaacha maji usiku kucha kwenye ndoo kunapunguza klorini tu. Kinachosaidia ni kuusuuza udongo: mara moja kwa mwezi katika miezi ya kiangazi, peleka chungu uani na umwage maji taratibu, mengi kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, yakipita na kutoka chini. Kwangua kwanza ule utando wa juu. Masika yakifika, kinga maji ya mvua kwenye ndoo na madumu. Dakika za mwanzo acha mvua ioshe vumbi la bati, ndipo uanze kukinga. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayo hayana chumvi, kwa kuwa ni mvuke wa hewa uliogeuka kuwa maji, na katika nchi kama Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, hujaza ndoo kwa siku moja. Wakazi wa Arusha na maeneo ya jirani wana jambo lao la ziada: maji ya sehemu nyingi huko yana floraidi nyingi, ileile inayotia meno rangi ya kahawia, nayo huunguza ncha za mayungiyungi. Kwa sababu hiyo usitumie mbolea ya supafosfeti kwenye ua hili, kwani nayo hubeba floraidi. Tumia NPK ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, wakati wa mvua tu, mmea ukiwa unatoa majani mapya. Ua lililochoka kwa joto la Oktoba halihitaji mbolea.

Kuhusu mwanga, tahadhari na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani. Huko jua la mchana haliondoki upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo madirisha yao ya kaskazini ndiyo ya kivuli. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, na dirisha la kusini linabaki na mwanga mwororo usiochoma, mahali pazuri kabisa kwa pisi lili. Kufikia Novemba jua limehamia kusini, na dirisha lilelile linaanza kuunguza. Sogeza chungu hatua mbili ndani ya chumba au shusha pazia jepesi. Dirisha la mashariki lenye pazia linafaa mwaka mzima. La magharibi liepuke, kwa sababu jua la saa tisa alasiri hukuta nyumba tayari imepata moto. Jani lililoungua na jua hupauka katikati, si kwenye ncha, na halirudi kijani tena. Ikiwa ua lina afya lakini halichanui kwa miezi mingi, huenda umeliweka gizani mno. Na lile ua jeupe likigeuka kijani kisha kahawia, si ugonjwa. Limemaliza siku zake. Kata kikonyo chake chini kabisa.

Tumefika kwenye hewa, ambayo ndiyo shida yenyewe. Wengi hununua chupa ya kupulizia wakayanyunyizia majani asubuhi na jioni. Katika hewa ya Dodoma ule unyevu unapotea ndani ya dakika chache, na kama maji yana chumvi yanaacha madoa meupe juu ya jani. Afadhali kuikusanya mimea pamoja, kwa kuwa kila mmoja hutoa mvuke unaomfaa jirani yake. Jikoni au bafuni penye dirisha ni pazuri kuliko sebuleni. Usiweke chungu mbele ya feni au chini ya kiyoyozi, wala kwenye mkondo wa upepo kati ya mlango na dirisha.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni chungu ndani ya chungu. Chukua chungu kikubwa cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi, weka mchanga chini, kalisha ndani yake kile chenye mmea, jaza mchanga katikati ya vyungu viwili, na uwe unaulowesha mchanga huo kila siku. Maji yanapenya ukuta wa nje na kugeuka mvuke, na yanapogeuka yanabeba joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Mizizi inakaa kwenye ubaridi, na hewa inayozunguka majani inapata unyevu. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo njia hii inavyofanya kazi, kwa hiyo Dodoma, Singida au Garissa itakufaa kuliko Tanga au Mombasa. Hakikisha tu chungu cha nje nacho kina tundu, na cha ndani kimeinuliwa kiasi kwamba hakikai ndani ya maji.

Vumbi lifute mara moja kwa wiki kwa kitambaa kibichi, juu na chini ya jani, huku mkono mwingine ukilishikilia. Jani lenye vumbi halipati mwanga wa kutosha, tena vumbi na ukavu ndio makao ya utitiri mwekundu. Mdudu huyu ni mdogo kuliko chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Anza kumshuku ukiona vidoadoa vingi vya njano kama jani limetobolewa kwa ncha ya sindano, kisha ulitazame kwa chini ukielekea kwenye mwanga: utaona utando mwembamba sana kwenye pembe za mishipa. Osha mmea wote kwa maji ya bomba, hasa upande wa chini wa majani, kisha paka maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, suuza baada ya saa moja au mbili, na urudie kila baada ya siku tano hivi mpaka vizazi vyote viishe. Vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba, watoe kwa pamba yenye spiriti.

Kama zawadi yako ni yungiyungi lenyewe, lile la harufu, ni vyema ujue mapema kwamba Dodoma haina baridi ya kulirudisha kwenye maua kwa urahisi. Lifurahie kwanza. Liweke mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, udongo uwe mbichi bila kutota. Maua yanapofunguka tu, chomoa vile vifuko vya chavua kwa karatasi laini kabla havijapasuka, kwa sababu chavua yake huharibu kanzu na vitambaa. Ikikumwagikia usifute kwa maji; ikung'ute, au ibandue kwa selotepu. Maua yakiisha kata vichwa pekee na uyaache majani mpaka yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayolilisha tunguu.

Anayetaka kujaribu tena alitoe tunguu, alifunike kwa nyuzi za makumbi zilizo mbichi kidogo tu, ndani ya mfuko wenye matundu, alihifadhi sehemu ya chini ya friji kwa wiki sita hadi kumi. Lisikae na maembe, ndizi wala parachichi, kwani matunda yanayoiva hutoa gesi inayoua chipukizi la ua. Baadaye alipande kina kirefu, sentimita 15 za udongo juu yake, kwa kuwa aina nyingi hutoa mizizi mingine kwenye shina juu ya tunguu. Kama friji haina nafasi, mpelekee ndugu aliye Lushoto, Njombe au Makete, litakuwa kwao.

Amarili ni rahisi zaidi. Lina tunguu la kuhifadhi chakula na halioni taabu kulala kiangazi kizima. Punguza maji kuanzia Juni, acha majani yafe, liache kavu kivulini, na Novemba uanze kulimwagilia tena. Ninyi mnaotoa zawadi, laiti mngefikiria zaidi mimea ya aina hii. Tunayo hata ya kwetu, yungiyungi la mpira mwekundu, ambalo porini hulala chini ya ardhi msimu wote wa ukavu na kuibuka na mvua za kwanza, mpira mmoja mkubwa wa nyuzi nyekundu juu ya kikonyo kitupu. Ua hilo halihitaji kubembelezwa Dodoma. Lina sumu likiliwa, hivyo lipandwe mbali na watoto na mbuzi.

Nisisitize hapa suala la sumu. Yungiyungi lenyewe, lile la petali sita, linaua paka. Jani dogo, chavua aliyoiramba kwenye manyoya, hata maji ya chombo yalimokaa maua, vinatosha kuharibu figo zake ndani ya siku chache. Nyumba yenye paka isiliweke kabisa, na ukimkuta amelitafuna mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo bila kusubiri dalili. Pisi lili haiui hivyo, ila ina fuwele kama sindano ndogo sana zinazochoma mdomo na koo. Mtoto akitafuna jani, mfute na kumsuuza mdomo, mpe maji baridi au maziwa. Akivimba au akipumua kwa shida, hospitali mara moja.

Mwisho ni safari. Wengi mlio Dodoma mna kwenu kwingine, na Desemba mnafunga milango wiki mbili au tatu. Chukua ndoo ya maji, iweke juu ya kigoda kando ya ua ili iwe juu kidogo ya chungu. Chana ukanda wa khanga kuukuu ya pamba, upana wa vidole viwili, uloweshe wote, mwisho mmoja uzamishe hadi kitako cha ndoo na mwingine ufukie udongoni kina cha kidole. Maji yatatambaa taratibu. Fanya jaribio hili wiki moja kabla ya kuondoka, uone kama udongo unabaki mbichi au unatota: ukitota, punguza upana wa ukanda au shusha ndoo, ukikauka, ongeza ukanda wa pili. Funika ndoo mbu wasizaliane, sogeza chungu mbali na dirisha, na jirani aliyeachiwa ufunguo mwambie asimwagilie kitu.